Kigari cha Cecil: Namba Chini ya Rangi

Tulimwacha Clive Hebditch amepiga magoti bandani, msasa mkononi, jasho likimtiririka, na namba ikianza kujitokeza chini ya rangi. Wengine wenu mlinilaumu kwamba niliwakatia utamu. Haya, leo hamtanilaumu, maana utamu wenyewe haupo.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: kigari hiki ni cha vita, cha Waingereza, kinatembea kwa minyororo, hakina paa, na kimo chake hakimfiki mtu kifuani. Cecil Hebditch, babake Clive, alikiendesha hadi Normandia, Ufaransa, mwaka 1944. Aliteremka kwenda kuchota maji, akapigwa risasi, na mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Imebaki picha moja: Cecil ameketi kwenye usukani anacheka, na ubavuni namba ya jeshi inasomeka vizuri. Inaishia na tatu, moja, nane.

Clive ametumia nusu ya maisha yake kukitafuta. Alikikuta kwenye shamba moja hapa hapa Dorset, kimegeuzwa trekta, kimepakwa lami. Mbele yake kibati cha shaba cha karakana ya jeshi kilikuwa bado kimepigiliwa: tatu, moja, nane. Alikilipia siku ile ile bila kuomba kupunguziwa.

Watu wa kazi hii wana desturi yao. Ukishalipaka gari rangi mpya, unaacha kidirisha kimoja cha rangi ileile ya vitani, watazamaji waone kwamba hukuota. Kidirisha hicho Clive alitaka kiwe namba ya babake, na alikiacha hadi mwisho, kama mtoto anayebakiza mnofu kando ya sahani.

Alhamisi mamake, Bi Mavis, anavuka bahari kwenda Ufaransa kwenye kumbukumbu ya miaka hamsini. Kabla ya kwenda anataka jambo moja tu. Anataka kuketi alipoketi mumewe, akiwa na hakika kwamba ndipo.

Sasa turudi kwenye msasa. Tarakimu ya kwanza kati ya zile tatu ilitoka nyeupe, safi.

Ilikuwa tano.

“Endelea,” alisema Roland Speake, rafiki yake, aliyekuwa amemwinamia begani. “Labda ni namba ya baadaye. Jeshi lilibadilisha namba zote baada ya vita.”

“Za baadaye nimeshazipita. Hii ndiyo rangi ya chini kabisa, Roland. Chini ya hapa ni chuma.”

“Endelea tu.”

Ikatoka sita. Ikatoka nne.

Clive aliipangusa kwa kiganja, kana kwamba namba ingeona haya ikajirekebisha. Tano, sita, nne. Roland alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na namba ikabaki palepale.

“Vipi huko?” sauti iliuliza mlangoni. “Mmeshaiona?”

Ni Bi Mavis, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mwimo wa mlango. Macho yake sasa yanaona kingo za vitu tu, katikati ni ukungu. Angeweza kusimama mbele ya namba ile asijue kama ni namba au ni kinyesi cha njiwa.

“Clive? Ni yenyewe?”

Roland alimtazama Clive. Clive aliutazama msasa.

“Ndiyo, mama. Ni yenyewe.”

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakutuambia kwamba ya huyu ingekuwa fupi kiasi hiki. Bi Mavis aliegemeza fimbo ukutani na kuja kwa kupapasa, uso wote unameremeta.

“Nishike mkono. Nipeleke upande wa dereva, kwa nje.”

“Kuna nini upande wa dereva?”

“Kuna kovu.”

“Kovu gani?”

“Sijawahi kukwambia? Ah, utajuaje, ulikuwa mtoto mchanga.” Alicheka peke yake. “Babako aligonga nguzo ya lango la kasisi, kule Sussex, kabla hawajavuka. Bati likapasuka. Akaogopa kumwambia sajini, akalichomelea mwenyewe. Na Cecil hakujua kuchomelea! Alikuwa muuza samaki yule! Alipokuja likizo aliniambia, ‘Mavis, limevimba kama uji uliofurika sufuriani.’ Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.”

Vidole vyake vilipita juu ya bati. Vilienda mbele, vikarudi nyuma, vikashuka hadi kwenye minyororo. Bati lilikuwa laini.

“Silioni.”

“Mama, nita...”

“Umelisaga?” Uso ulianza kuzimika. “Clive, usiniambie umelisaga.”

“Hapana, mama! Mimi nisage kitu cha baba? Liko chini ya... nimelifunika kwa rangi ya kuzuia kutu, nene kidogo. Nikiitoa utalipata. Kesho.”

“Kweli?”

“Kweli. Kanywe chai kwanza, mikono yako ina baridi.”

Aliondoka polepole, akilalamika kwamba rangi za siku hizi ni nene kama siagi. Roland alingoja mlango wa jikoni ufungwe.

“Wewe ni mwendawazimu?”

“Punguza sauti.”

“Kesho atapapasa wapi? Ukutani?”

Clive alikwenda kwenye meza ya kazi, akachukua nyundo nzito, akarudi upande wa dereva, akapima kwa jicho.

Roland alielewa. “Hapana. Clive, hapana.”

“Nalipasua kidogo, nalichomelea vibaya, nalipaka. Nani atajua?”

“Wewe utajua!”

“Mimi sihesabiki.”

“Wewe? Wewe uliyemliza Bert Stickland mbele ya wajukuu zake? Alikuja na gari lake kwenye maonyesho, mzee wa watu, ukamwambia boliti zake ni za mwaka hamsini na mbili na gari ni la arobaini na tatu, akalifunika turubai akaenda zake nyumbani! Hajarudi tena!”

“Boliti zilikuwa za hamsini na mbili.”

“Najua zilikuwa za hamsini na mbili!”

Mkuki kwa nguruwe, wasomaji wangu. Huyu Clive kwa miaka yote amekuwa akizunguka maonyesho ya magari ya vita, mikono nyuma, akiwachungulia wenzake chini ya matumbo ya magari yao. Kijani hiki kimezidi manjano, huwaambia. Taa hii ni ya Kanada. Sasa amesimama na nyundo, yeye wa boliti, tayari kutunga kovu la marehemu.

Alipiga. Banda lote lililia.

Alipiga tena. Bati lilibonyea lakini halikupasuka. Alipoinua nyundo mara nyingine Roland aliukamata mpini, wakavutana kama watoto wanaogombea kamba, wazee wazima wale, mmoja na miwani imemning'inia sikio moja.

“Niache! Anaondoka Alhamisi! Unataka nimwambie nini? Samahani mama, ulikuwa unapapasa gari la mtu mwingine?”

“Nimesema ngoja! Ile namba. Tano, sita, nne. Nimeshaiona mahali.”

“Umeiona sasa hivi, hapo ubavuni mwa kigari.”

“Nimeiona kabla ya leo. Humu humu.”

Clive aliiachia nyundo. Roland alizunguka banda, akitazama juu ya kabati, nyuma ya mitungi ya gesi. Kisha alisimama mbele ya meza ya kazi na kuangalia juu, pale Clive alipopigilia vikorokoro vyake vya urembo: funguo kuukuu, taa iliyovunjika, na kibati cha shaba kilichotiwa weusi na moshi.

“Soma,” alisema.

Clive alisogea. Tano, sita, nne.

“Kilitoka wapi hiki?” Roland aliuliza, ingawa alijua.

“Kwenye kile cha pili. Kile tulichokichinja.”

Hapa niwaeleze upesi. Shambani vilikuwa vigari viwili, si kimoja. Cha pili kilikuwa kimeoza zaidi na kibati chake kilikuwa na namba isiyomhusu mtu. Clive alivichukua vyote, kimoja cha kutengeneza, kingine cha kuchinja, yaani kukikata vipuri. Hiyo ni kawaida. Bila kuchinja kimoja hupati kingine kinachotembea.

“Sikiliza,” Roland alisema, na sauti yake ilikuwa inapanda. “Baada ya vita vyote vilirudishwa karakana ya jeshi. Wanafungua kila kitu. Minyororo lundo lake, injini lundo lake, vibati vyote ndani ya ndoo. Vikishapakwa rangi, mtu anapita na ndoo anapigilia. Hivi viwili vilikuwa jirani kwenye mstari. Kibati cha hiki kiko pale ukutani. Kwa hiyo kibati cha babako kilipigiliwa hapa...”

“...na bodi ya baba ilipewa kibati kile.” Clive alimshika Roland mabega yote mawili. “Ile nyingine! Ile nyingine ndiyo ya baba! Roland, tulikuwa nayo! Iko...”

Macho yake yakaangukia mitungi ya gesi.

Furaha ile haikutimiza hata pumzi mbili. Nimewahi kuona watu wakipoteza vitu, lakini huyu alikipata na kukipoteza ndani ya sentensi moja.

“Hukuisaga rangi yake?” Roland aliuliza polepole.

“Nani anasaga rangi ya kitu anachokwenda kukikata?”

“Na upande wa dereva?”

Clive aliketi juu ya debe la rangi. Alikumbuka. Alikuwa amewasha moto wa gesi, akaanza kukata ubavu wa dereva, na moto ukakwama kwenye uvimbe wa chuma, mchomeleo wa ovyo, umefurika kila upande. Alizima, akafungua kioo cha uso, akautukana. Alimtukana aliyeufanya. Alisema, “Fundi gani mpumbavu kafanya hivi?” Kisha akaupita kwa moto na kuutupa kwenye lori la chuma chakavu.

“Nilimwita mpumbavu,” alisema.

“Hukujua.”

“Nilimwita mpumbavu, Roland.”

Roland hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikwenda kwenye simu ya ukutani na kumpigia mnunuzi wa chuma chakavu, Gudge, mtu mwenye sauti ya mbwa aliyeamshwa, inayosikika banda zima.

“Kile chuma cha vita tulichokuuzia, Gudge. Vipande vyake viko wapi?”

“Kipi? Kile cha kijani chenye lami?”

“Hicho.”

“Aa, bwana, mbona hivyo viko njiani kurudi kwako!”

Clive aliruka kutoka kwenye debe.

“Kurudi vipi?” Roland aliuliza.

“Masufuria!” Gudge alicheka hadi akakohoa. “Vilienda tanuru la Wales tangu mwaka jana. Sasa hivi ni masufuria, ni nondo, ni vijiko. Mtafute mkeo jikoni, labda ndiye anayekorogea chai. Kwani kulikuwa na kitu?”

“Hapana,” alisema Roland, akakata simu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Clive alikuwa ameinama, kichwa mikononi, na Roland akiwa bado kando ya simu, ndipo wote wawili walipogeuka kwa pamoja.

Bi Mavis alikuwa mlangoni. Mkononi alishika sahani ya mkate wa jibini na achari. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio, ndugu zangu, yangeweza kumsikia paka akiwaza.

“Nilisikia nyundo,” alisema. “Nikajua kuna mtu anapiga kitu kisichopigwa.”

“Mama, umesimama hapo tangu lini?”

“Tangu masufuria. Mengine niliyasikia nikiwa jikoni.”

Hakuna aliyecheka. Roland alimpokea sahani, akaiweka juu ya kifuniko cha injini, akabaki ameishika kana kwamba ingekimbia.

“Hiki si cha Cecil,” alisema Bi Mavis.

“Si cha baba, mama.”

“Na kile cha Cecil kilikuwa hapa.”

“Kilikuwa hapa. Pale, penye mitungi.”

“Nani alikikata?”

Roland alifungua kinywa. Nadhani alitaka kusema “sisi”, maana ni mtu mwema. Clive alimtangulia.

“Mimi, mama. Kwa mikono yangu. Niliona lile kovu, nikalikata katikati. Nikalitupa.”

Nilitamani, na nyinyi mngetamani, Bi Mavis apige kelele, ainue fimbo, amlaani. Alitikisa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita.

“Lilikuwa limevimba?”

“Limevimba kabisa. Baya sana.”

“Ndiyo lenyewe hilo.” Aliegemea mwimo wa mlango. “Ndiyo lenyewe. Na vyote vimeenda Wales?”

Hapo Clive aliinua uso. Jambo lilimjia.

“Si vyote. Sakafu ya hiki ilikuwa imeoza. Nilikata vipande vizima kwenye sakafu ya kile, nikavipandikiza humu. Chini ya miguu ya dereva.”

“Chini ya miguu ya Cecil?”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa hili si la uongo?”

“Hili si la uongo. Roland shahidi.”

“Si la uongo, Bi Mavis,” Roland alisema.

“Basi nipandisheni.”

Walimnyanyua, mmoja huku na mwingine huku, mama wa watu mwepesi kuliko tairi la akiba, wakampitisha juu ya ubavu na kumketisha kwenye kiti cha dereva. Alivua glovu ya sufu mkononi. Alijiinamia hadi vidole vikaning'inia karibu na sakafu.

“Niwekee mkono,” alisema. “Sitaki kubahatisha. Niwekee pale alipokanyaga yeye.”

Clive alipiga magoti kando ya kigari na kuingiza kichwa ndani. Alitazama sakafu.

Ilikuwa kijani, moja, laini kutoka ukuta hadi ukuta. Vipande vya babake vilikuwamo, na kati yake vipande vya bati jipya la dukani Yeovil, kwa sababu vya zamani havikutosha. Na yeye, fundi wa mafundi, alikuwa amesaga kila kiungo hadi kikatoweka. Aliwahi kujisifu kwenye chama chao kwamba hata yeye mwenyewe hajui bati la vita linaishia wapi na la dukani linaanzia wapi. Walimpigia makofi.

Hakujua. Kweli hakujua.

Angeweza kusema hivyo. Alikuwa ameshasema makubwa zaidi mchana ule. Lakini mkono ulikuwa unangoja, mwembamba, wa baridi, na Clive akaushika na kuuweka kwenye pembe ya mbele, upande wa kushoto wa kanyagio.

“Hapa, mama.”

“Hapa,” alirudia Bi Mavis, na kiganja kikatandaa.

Roland, aliyekuwa upande wa pili, alichungulia. Alipoona mkono ulipo, alianza kutikisa kichwa. Ile pembe aliichomelea yeye, siku Clive alipokuwa na mafua. Aliichomelea kwa bati jipya. Midomo yake ilitamka bila sauti: siyo hapo.

Clive alinyoosha mkono ili amsogeze mamake, hata kidogo tu, hata shubiri moja. Alichelewa. Bi Mavis alikuwa amefumba macho na ameanza kuongea, si nao.

“Cecil,” alisema kwa sauti ya chini. “Ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ya mwisho, pale stesheni, nilikwambia usirudi. Nilikwambia hata vita vikiisha usije mlangoni kwangu. Na wewe ukacheka, ukadhani ni hasira.”

Machozi yalidondoka juu ya bati la Yeovil, yakabaki juu ya rangi yamesimama vilevile.

“Haikuwa hasira, Cecil. Unajua haikuwa hasira. Na huyu mtoto, miaka yote hii, sijamwambia kwa nini sikutaka urudi.”